Tando za Msuli wa Paja

Je, wajua ya kuwa zile tando nyeupe za nyama ya ng'ombe, ambazo hukaidi kisu cha mwenye bucha na katika supu ya kongoro hulainika kuwa utelezi unaonata midomoni, zimo vilevile katika mapaja yetu, na kwamba mwanariadha aambiwapo amechanika msuli, aghalabu tando hizo nazo zimechanika?

Kila uzi wa msuli una utando wake. Nyuzi zikikusanyika kuwa fungu, fungu nalo lina utando wake. Na msuli mzima umezungukwa na utando wa tatu. Nazo zote, zilizoumbwa kwa kolajeni, huungana na kano ishikayo mfupa. Kwa hiyo nguvu ya msuli haiendi mfupani kwa urefu wa nyuzi tu, bali hupita pia ubavuni, uzi hadi uzi, kwa njia ya tando, na hikima hii ya maumbile yastahili kusifiwa kuliko isifiwavyo.

Mkimbiaji arushapo mguu mbele, muda mchache kabla ya wayo kugusa ardhi, misuli ya nyuma ya paja hujikaza ili kuuzuia muundi, na papo hapo hunyooshwa. Basi shida kubwa huangukia mahali nyama inapokutana na kano. Hapo ndipo alipoumia Usain Bolt mjini London, tarehe 12 Agosti 2017, akiwa mkimbiaji wa mwisho wa Jamaika katika mbio za kupokezana vijiti: habari za kwanza zilitaja mkakamao wa msuli, lakini baadaye alitangaza mwenyewe ya kuwa msuli wa paja la kushoto ulichanika kwenye maungio yake na kano, na kwamba tiba ingechukua miezi 3.

Nyama hujijenga upya kwa wepesi. Kolajeni huja pole pole, kwanza dhaifu na bila mpango, kisha imara, na maumivu aghalabu huondoka kabla ya kazi hiyo kwisha. Kwa sababu hiyo nasikitika sana nionapo kijana akisuguliwa dawa ya moto na kurudishwa uwanjani. Matabibu wa riadha wa Uingereza, katika utaratibu walioutoa mwaka 2014, hulitenga jeraha lililoingia ndani ya kano na majeraha mengine, kwani hilo huchelewa kupona na ni jepesi kurudi.

Kinga ipo, wala haina gharama: mchezaji hupiga magoti, mwenziwe humshika vifundo vya miguu, naye hujishusha kifudifudi taratibu, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Zoezi hili, likidumishwa, limeonekana kupunguza majeraha hayo kwa kadiri ya nusu miongoni mwa wacheza kandanda.