Mheshimiwa, Mafuta Yamepanda au Yamepandishwa?

Tuseme mheshimiwa mbunge amefika Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, kuwaarifu wapigakura wake mambo mawili: bei ya mafuta na sheria ya bunduki. Mimi, mtu wa isimu, hukitegea sikio kitenzi kabla ya hoja yenyewe.

La kwanza husemwa hivi: “Mafuta yamepanda.” Sentensi ni sanifu, lakini haina mtenda, mafuta yamekuwa kama moshi, yanajipandia yenyewe. Kweli, bei ya mafuta ghafi huamuliwa ng’ambo, na shilingi inapodhoofika mbele ya dola sisi ndio tunaoumia. Hata hivyo, Sheria ya Fedha ya 2023, iliyopigiwa kura na wabunge, iliongeza ushuru wa VAT kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo lita ya petroli ikafika Sh211.64 jijini Nairobi, na kibarua wa shamba la maua anayepanda matatu katika Barabara ya Moi South Lake hakuhitaji kuelezwa maana yake. Hapo kitenzi kinachofaa ni “tumepandisha”. Mbunge aliyeupinga mswada naye ana haki kamili ya kusema “wamepandisha”.

La pili lina hatari zaidi. Majukwaani husemwa kwamba ni hatia kumiliki bunduki bila leseni. Katika Kiswahili, kumiliki ni kuwa mwenye mali. Kijana anayemfichia rafiki yake bastola chini ya kitanda hamiliki kitu, na kwa kauli hiyo atalala usingizi mnono. Lakini Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haiishii kwenye umiliki: inamnasa hata aliye nayo tu bila cheti. Tena inazitaja risasi pamoja na bunduki, hivyo risasi moja mfukoni yaweza kumfikisha mtu kizimbani. Tofauti ya kitenzi kimoja hapa ni miaka gerezani. Na je, “bunduki” yenyewe? Kwa wengi ni ile ndefu ya askari, bastola hawaihesabu. Wanaokimbilia “silaha” nao wameingiza panga na upinde.

Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Miswada, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza, na kazi ya kuifasiri huachiwa mheshimiwa na kipaza sauti chake, juani, huku wasaidizi wakimhimiza aharakishe.

Mwalimu wa Kiswahili hapo Naivasha asingoje jukwaa. Akichukue kifungu cha 4 cha Sura hiyo, awape wanafunzi wakitafsiri makundi kwa makundi, kisha walinganishe na walichosikia mkutanoni. Waanze na tofauti ya “kumiliki” na “kuwa nayo”.