Rubani Yuko Wapi? Istilahi za Ndege Nyuki na Biashara ya Teknolojia Zikitazamwa kutoka Himo, Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua msamiati unaotumiwa kuzungumzia ndege nyuki na biashara ya teknolojia katika Kiswahili cha Tanzania. Msamiati huo unatazamwa kutoka Himo, mji mdogo wa wilaya ya Moshi mkoani Kilimanjaro. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kupata majina ya kutosha ya chombo chenyewe, lakini hakijaimarisha majina ya mtu anayekiongoza na ya mahusiano ya kibiashara yanayokizunguka. Pengo hilo humdhuru zaidi mtumiaji wa kawaida, hususani mkulima, kwa kuwa haki na wajibu wake hubaki katika maneno ya Kiingereza. Makala yanapendekeza kwamba uundaji wa istilahi katika uwanja huu uanzie kwenye mkataba badala ya kuanzia kwenye orodha ya vipuri.

Maneno muhimu: istilahi, ndege nyuki, rubani, dhima, biashara ya teknolojia, Himo

1.0 Utangulizi

Himo na Njia Panda ni eneo ambamo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Moshi na Arusha hukutana na barabara ziendazo Marangu, Rombo na Holili. Holili ni mpakani, na ng'ambo yake ni Taveta, nchini Kenya. Soko la Himo hupokea ndizi kutoka miteremko ya mlima pamoja na mahindi na maharage kutoka tambarare, na sehemu ya mazao hayo huvuka mpaka. Mahali pa namna hii maneno nayo hupita pamoja na bidhaa. Mfanyabiashara wa Himo husikia Kiswahili cha Tanzania, Kiswahili cha Kenya, Kichaga na Kiingereza cha makaratasi ya forodha kwa siku moja.

Uteuzi wa Himo una sababu ya pili. Mashamba ya tambarare chini ya mlima ni mahali ambapo ndege nyuki zina kazi ya kueleweka kwa urahisi: kupulizia dawa, kupima eneo na kukagua mazao. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini mwaka 2017, mkulima wa mahindi amekuwa na haja ya kupulizia shamba mapema na kwa haraka, na mkulima wa mpunga ana vita vya muda mrefu dhidi ya kweleakwelea. Bomba la mgongoni, ambalo wengi hulitegemea, huchosha na humweka mpuliziaji karibu na sumu. Kwa hiyo huduma ya kupulizia kwa ndege nyuki ni biashara inayoweza kumfikia mkulima huyu. Swali la makala haya ni: itakapomfikia, ataijadili kwa maneno gani?

2.0 Mkabala wa kinadharia

Nadharia ya jumla ya istilahi, inayohusishwa na Eugen Wüster, huanza na dhana na kisha hutafuta jina moja linaloiwakilisha bila utata. Katika mkabala wake wa kimawasiliano, Maria Teresa Cabré alisisitiza kwamba istilahi huishi ndani ya mawasiliano halisi, hivyo haiwezi kutenganishwa na watu wanaoitumia wala na shughuli wanayoifanya. Katika Kiswahili, kazi ya Zubeida Tumbo-Masabo na H.J.M. Mwansoko iliyochapishwa na TUKI mwaka 1992 iliweka mwongozo wa uundaji wa istilahi. Makala haya yanaegemea mkabala wa kimawasiliano, kwa kuwa historia ya karibuni ya istilahi za teknolojia inaunga mkono upande huo.

Mifano miwili inatosha. Neno *ngamizi* liliundwa ili kuitaja kompyuta. Lilikuwa na umbo la Kiswahili, lakini *kompyuta* ndilo lililoshika ofisini, shuleni na madukani. Kwa upande mwingine, neno *kishikwambi* lilikuwa geni masikioni mwa wengi hadi Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 2022. Makarani walikabidhiwa vishikwambi, wakafundishwa kuvitumia na kutakiwa kuvirudisha. Baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Leo neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Ubora wa umbo hautoshi kueleza tofauti ya maneno haya mawili. *Kishikwambi* kilifika mkononi pamoja na kazi na uwajibikaji, ilhali *ngamizi* ilifika kwenye orodha tu. Kanuni hii ndiyo itakayotuongoza katika uchambuzi unaofuata.

3.0 Majina ya chombo

*3.1 Droni na ndege nyuki*

Neno la Kiingereza 'drone' humaanisha nyuki dume. Lilianza kuhusishwa na ndege zinazoongozwa kwa redio katika miaka ya 1930, wakati ambapo Uingereza ilikuwa na ndege ya kulengea shabaha iliyoitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni utohozi uliozaa *droni*. Njia ya pili ni tafsiri ya picha iliyozaa *ndege nyuki*, jina linalotumika sana Tanzania, hasa katika taarifa za kilimo.

Tafsiri hiyo imebadilisha maana kwa namna inayostahili kuangaliwa. Nyuki dume hatengenezi asali wala hana mwiba. Msemaji wa Kiswahili anaposikia *nyuki* humfikiria yule atoaye asali, aumaye na atembeaye kwa makundi. Hivyo, *ndege nyuki* imepoteza uvivu wa nyuki dume na kupata bidii na hatari ya nyuki mtenda kazi. Kwa chombo kinachovuma, kinachobeba sumu na kinachorudi mahali kilipotoka, picha hiyo inafaa zaidi kuliko ile ya asili. Ni sadfa njema pia kwamba Zanzibar, ilipoanza kupigwa picha za angani kwa ajili ya ramani mwaka 2016, ilitumia ndege ndogo za chapa ya eBee, jina ambalo nalo limebeba nyuki.

Upatanisho wa kisarufi unahitaji uangalifu. *Ndege* kwa maana ya mnyama huchukua *a-/wa-*, na kwa maana ya chombo huchukua *i-/zi-*. Katika mashamba ya mpunga maana zote mbili hukutana: *ndege nyuki zimepulizia, ndege wamekufa*. Upatanisho ndio unaomwambia msikilizaji ni ndege yupi. Kwa hiyo kauli kama *ndege nyuki ameruka* inapaswa kuepukwa katika maandishi rasmi.

*3.2 Ndege isiyo na rubani*

Jina la tatu, *ndege isiyo na rubani*, ndilo linaloonekana rasmi zaidi, na ndilo lenye kasoro kubwa zaidi. Kiingereza kina misemo miwili ya kisheria inayohusika hapa. Mmoja husema kwamba ndani ya ndege hamna mtu. Mwingine husema kwamba ndege inaongozwa na rubani aliye mbali. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaosema kwamba rubani hayupo. Kiswahili kilipoufasiri msemo wa kwanza, kiliondoa rubani mahali ambapo kilitakiwa kuondoa abiria.

Suala hili linagusa mpaka wa Holili moja kwa moja. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), zimejengwa juu ya msemo wa pili, yaani ndege inayoongozwa kutoka mbali. Kenya ilianza na msemo huohuo katika kanuni za mwaka 2017. Baada ya kanuni hizo kukataliwa na Bunge, zile za mwaka 2020 zilichukua msemo wa kwanza, wa ndege isiyo na mtu ndani. Katika nchi zote mbili, hata hivyo, yupo mtu anayeongoza na sheria inamtambua. Kiswahili cha kawaida, pande zote mbili za mpaka, kinasema hayupo.

Historia ya neno lenyewe inaongeza uzito. *Rubani* ni neno la baharini lenye asili ya Kiarabu, na lilimtaja mwongoza chombo kabla ya kuhamia angani. Meli ikipanda mwamba, watu humuuliza rubani. Jina linalotangaza kwamba chombo hakina rubani huwaachia watu swali lisilo na wa kulijibu. Makala haya yanapendekeza *ndege nyuki* kwa chombo na *rubani wa ardhini* kwa mtu anayekiongoza. Msemo *ndege isiyo na rubani* ubaki kwa vyombo vinavyojiendesha vyenyewe pasipo mwongozaji.

4.0 Msamiati wa biashara

Vipuri havitatuchelewesha. *Betri, kamera, tangi, rimoti* na *pangaboi* vinaeleweka na vimeshika. *Kitenzambali* kilipendekezwa mahali pa *rimoti*, lakini hakikuota mizizi mitaani. Ugumu uko upande wa biashara.

Kwa kampuni ndogo zinazoanzishwa juu ya ubunifu wa kiteknolojia, Kiswahili kina *kampuni changa*, *kampuni chipukizi* na *kampuni bunifu*. Kisemantiki hayalingani. *Changa* katika soko la Himo ni sifa ya ndizi isiyokomaa, ambayo mnunuzi huiacha. *Bunifu* husifu bila kueleza umri wala hali ya kampuni. *Chipukizi* hubeba maana ya kukua kutoka kwenye shina lililopo, na kwa jamii iishiyo na migomba maana hiyo haihitaji maelezo. Mahali panapolea kampuni hizo huitwa *kituo atamizi*, kutokana na *atamia*, kazi ya kuku juu ya mayai. Jina hili limepata nguvu serikalini, hasa katika mpango wa vijana wa kilimo ulioanza kutekelezwa mwaka 2023 kwa jina la Jenga Kesho Iliyo Bora. Hapa tena neno limeenea kwa sababu vijana wameitwa kwenda kuishi na kufanya kazi ndani ya vituo hivyo.

Maneno yanayobeba haki na wajibu hayajapata bahati hiyo. La kwanza ni *dhima*. Kwa msomi wa fasihi, dhima ni kazi au nafasi ya kitu, kama katika *dhima ya methali*. Katika sheria, dhima ni wajibu wa kubeba madhara yaliyotokea. Kampuni yenye ukomo wa dhima ni ile ambayo wenye hisa wake hupoteza kile walichoahidi kuwekeza, na kwa kawaida mali zao binafsi haziguswi. Kwenye bango la kampuni jambo hilo lote limefungwa katika neno 'Limited', ambalo wengi hulisoma kama sehemu ya mwisho ya jina. Mkulima anayedhani anamdai mwenye kampuni hajui kwamba anaidai kampuni tu.

La pili ni *taarifa*. Ndege nyuki inayopita juu ya shamba hukusanya picha, vipimo na mipaka. Watoa huduma huziita *data*, neno ambalo kwa msemaji wa kawaida ni kifurushi cha intaneti kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imechagua *taarifa binafsi*, na uchaguzi huo ni mwema, kwa kuwa kila mtu hujua kwamba taarifa zaweza kuwa zake, za jirani au za siri. *Ridhaa* na *faragha* ni maneno mengine yaliyopo tayari, yanayosubiri kuingizwa katika fomu za kila siku.

5.0 Mkataba kama kipimo

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mkulima wa tambarare chini ya Himo anakubaliana na kampuni chipukizi impulizie ekari tatu za mahindi. Upepo unabadilika, dawa inapeperuka hadi kwenye maharage ya jirani. Jirani anataka fidia. Mkulima anafungua mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza na kukuta aya inayosema kwamba kampuni haina dhima kwa mpeperuko wa dawa. Aya nyingine inasema kwamba picha zote ni mali ya kampuni. Jina la chombo analijua kwa Kiswahili mara tatu. Hajui kwamba alikwisha kukubali mambo haya mawili.

Si kwamba lugha za mahali hapa hazijui kutaja mahusiano. Wachaga hutofautisha *kihamba*, ardhi ya ukoo iliyo mlimani penye migomba, na *shamba* la tambarare. Tofauti hiyo ni ya urithi na umiliki kuliko ya udongo. Msemaji anayeweza kubeba sheria nzima ya ardhi katika neno moja hashindwi kubeba dhana ya dhima, mradi aikute katika karatasi anayoisaini.

Mazingira ya kisheria nayo yanaruhusu. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya sheria nchini kuwa Kiswahili na kupanua matumizi yake mahakamani. Mgogoro wa mfano wetu ungeweza kuzungumzwa mbele ya hakimu kwa Kiswahili, ilhali chanzo chake kiliandikwa kwa Kiingereza. Istilahi zisipokuwepo kwenye mkataba, zitatafutwa kizimbani, na huko gharama ya kukosea tafsiri ni kubwa.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba jina la chombo si tatizo tena: *ndege nyuki* inatosha, na katika baadhi ya maana inaipita picha ya Kiingereza. Tatizo ni rubani aliyefutwa na jina, dhima iliyofichwa na kifupi cha bango, na taarifa zilizogeuzwa data. Inapendekezwa kwamba vyombo vya lugha, vikiwamo BAKITA na TATAKI, vishirikiane na TCAA na taasisi za kilimo kuandaa kielelezo kifupi cha mkataba wa huduma za ndege nyuki kwa Kiswahili. Kielelezo hicho kijibu maswali manne: nani ni rubani wa ardhini, nani ana dhima ya madhara, taarifa ni za nani, na ridhaa ilitolewa lini. Kazi hiyo itaunda istilahi chache kuliko kamusi, lakini kila moja itafika mkononi ikiwa na kazi ya kufanya, kama kishikwambi kilivyofika.