Tuhoji Kipimo Kabla ya Mwamuzi

Katika mashindano ya mbwa yaitwayo Crufts, yaliyoanzishwa London mwaka wa 1891 na ambayo siku hizi hufanyika Birmingham, Uingereza, ushindi mkuu haupatikani kwa mbio wala mawindo. Mbwa husimamishwa mbele ya mwamuzi, naye humpapasa mgongo, humfunua midomo atazame meno, kisha humtaka mwenyewe amtembeze. Mwisho hunyosha kidole. Huyo ndiye mshindi, na hapo ndipo manung'uniko huanza.

Manung'uniko hayo, ndugu msomaji, yanajulikana na kila mwalimu na mwanafunzi, hata yule ambaye hajawahi kumwona mbwa akichanwa nywele kwa ajili ya kikombe. Mwamuzi anajuana na mshindi. Mwamuzi wa leo alikuwa mshindani jana, na kesho huenda akampeleka mbwa wake mbele ya yule yule aliyemtuza leo. Siyapuuzi madai hayo. Nashuku tu kwamba kelele zake hutufichia jambo kubwa zaidi.

Mnamo 2003, mbwa mdogo wa aina ya Pekingese aliyeitwa Danny alitwaa ushindi mkuu. Punde ikadaiwa kwamba alikuwa amepasuliwa uso ili avutie. Kennel Club, chama kinachosimamia mashindano hayo, kilichunguza kikamwondolea lawama: upasuaji ulikuwa wa kooni, tena kwa sababu ya maradhi. Kesi ikaisha. Mimi ningeuliza swali jingine: je, pua iliyobonyea kiasi kile inafaa kuvutia pumzi?

Kwani mwamuzi halinganishi mbwa na mbwa tu. Kila aina ya mbwa ina maelezo yaliyoandikwa, na kazi yake ni kumtafuta anayeyakaribia zaidi. Iwapo maelezo yanataka uso bapa, basi mwamuzi mwadilifu kabisa, asiyekula hongo wala kujuana na mtu, atamtuza mwenye uso bapa, na wafugaji watazidi kuzalisha nyuso bapa kizazi baada ya kizazi. Uadilifu wake ndio unaomwumiza mnyama.

Mwaka wa 2008 filamu moja ya BBC iliyafichua maradhi ya mbwa hao wa nasaba, na mwaka uliofuata shirika hilo likaacha kuyaonyesha mashindano ya Crufts. Baadhi ya maelezo yakaandikwa upya. Kisha mwaka wa 2012 ikaamriwa kwamba washindi wa aina 15 wakaguliwe na daktari wa mifugo kabla ya kusonga mbele. Sita walikataliwa, bulldog na Pekingese wakiwamo. Wenye mbwa wakahamaki: vipi daktari atengue neno la mwamuzi? Baadhi yao wakaungana kupinga. Nawaelewa, maana walikuwa wamemfuga mbwa kwa kufuata kipimo walichopewa, nacho kikawageuka hadharani siku ya tuzo. Hata hivyo, nasimama na daktari. Mbwa hakushauriwa kipimo hicho kilipoandikwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye meza ya waamuzi wa ukariri wa mashairi katika tamasha la shule. Fomu yetu ilikuwa na alama nyingi za miondoko ya mwili, nami nilizijaza kwa uaminifu. Akashinda mvulana aliyerusha mikono kama anayefukuza nyuki. Msichana mmoja aliyesimama tuli, akakariri kwa sauti ya chini hata ukumbi mzima ukanyamaza, akawa wa nne.

Mwalimu wake alinifuata nje. Hakuniuliza kama nilikuwa nimehongwa.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "wewe mwenyewe ni shairi lipi lililokugusa?"

Nilimwonyesha fomu.