Mushonge ulivyolisha migomba

Vijana wangu, mkishuka Dar kufuata pembejeo au soko la ndizi, tengeni saa mbili mpite Kijiji cha Makumbusho, pale kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kipo tangu 1966. Ndicho kilichoipa jina stendi ya Makumbusho, ingawa wengi wanaopandia daladala hapo hawajawahi kuingia ndani. Humo kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa kwa ukubwa wa kuishi watu.

Mimi niliingia kama bwana shamba. Tembe lilinisimamisha kidogo: paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Kwa ukame wa Dodoma ni akili tupu. Kwa mvua zetu Karagwe, lingekuangukia usingizini.

Nilikokaa sana ni kwenye mushonge wa Wahaya, nyasi tupu kutoka kileleni hadi chini. Wazee wa Kinyambo hapa kwetu nao wanaijua nyumba ya namna hiyo. Watu upande wao, mifugo upande wake, sakafuni nyasi.

Kumbe ile ilikuwa nyumba na kiwanda cha samadi kwa pamoja. Nyasi zilikatwa rweya zikaletwa nyumbani: za kuezeka, za kutandika, za kulalia ng'ombe. Zikichakaa, zinatupwa kibanjani pamoja na kinyesi, mkojo na majivu ya jikoni. Rutuba ikahama hivyo kutoka rweya kwenda kibanjani, mwaka hadi mwaka, bila mfuko hata mmoja wa dukani. Ule udongo mweusi unaouona kwenye vibanja vya zamani, sehemu kubwa umetengenezwa na watu.

Simwambii mtu arudi kwenye nyasi. Mwenyewe nalala chini ya bati na sihami. Ila tulipohamia kwenye bati, tuliacha na mfumo wote nyuma. Ng'ombe wamepungua, rweya imepandwa miti, na mkungu hauliwi tena nyumbani maganda yakarudi shambani. Unapanda lori kwenda Mwanza, na potasiamu ya shamba lako imo ndani yake. Kijana wa Nkwenda anauza hivyo misimu kadhaa, mikungu inasinyaa, anaanza kutafuta dawa. Ugonjwa upo kweli, mnyauko msiupuuze hata siku moja. Lakini mara nyingi migomba ninayoitwa kuiangalia ina njaa tu.

Kwa hiyo mwenye ng'ombe hata wawili wa ndani, tandika nyasi kavu bandani zinyonye mkojo. Wengi wanazoa kinyesi na kuuacha mkojo upotelee mtaroni, wakati potasiamu nyingi imo humo. Rundika tandiko kivulini, lifunike kwa majani ya migomba mvua isilichuje, likiiva lipeleke shambani. Matandazo yakae kama nusu mita kutoka shina. Ukiyabana shinani unawatengenezea fukusi kitanda.

Na kama pesa ya ng'ombe bado haijapatikana, ongea na mama lishe wa Omurushaka au Kayanga. Maganda ya ndizi wanayatupa kila siku. Mpelekee magunia matupu asubuhi, jioni uyafuate yamejaa, kabla jirani yako hajasoma hapa.