Kangaga la Mlimani Halikukubali Kawe

Je, umewahi kununua ua, ukalitunza kama mtoto mchanga, nalo likafa mikononi mwako?

Mimi yalinipata hapa Kawe. Nilinunua kwa mchuuzi wa njiani kangaga lenye majani laini yanayopenya mwanga. Akaniambia kwa fahari kuwa limeng'olewa milimani Morogoro. Nililiweka barazani penye kivuli, nikalimwagilia asubuhi na jioni. Wiki mbili hazikuisha, likakauka kama karatasi. Sisi wauguzi tumezoea kuuliza: mgonjwa huyu amekufa kwa nini?

Jibu limo katika maumbile yake. Makangaga hayatoi maua wala mbegu. Geuza jani lililokomaa, mara nyingi utaona vidoa vya kahawia. Humo mna vumbi laini liitwalo spora. Spora ikiangukia penye unyevu huota kimmea bapa, kidogo kuliko ukucha. Hapo chembe ya kiume huogelea katika utando wa maji hadi ilifikie yai. Pasipo maji, uzazi huo haupo. Tena yapo makangaga ambayo jani lake lina unene wa seli moja tu. Hayo hayana ngozi ya kuyakinga na upepo mkavu.

Ndiyo maana makao yake ni misitu yenye ukungu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Hiyo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo na kuacha mvua. Lakini kati ya mlima na mlima ni nyika kavu, hivyo kila msitu umekuwa kama kisiwa. Humo yamo hata makangaga yenye shina kama mti, marefu kupita mtu. Miti mikubwa ikikatwa jua huingia, na wanyonge hawa ndio wa kwanza kufa.

Hasara hiyo inatuhusu sisi wa mjini. Msitu wa Uluguru unaolea makangaga ndio unaoulisha Mto Ruvu, na mto huo ndio chanzo kikubwa cha maji ya bomba ya Dar es Salaam. Ndoo unayokinga jikoni imepita huko.

Basi, mama mwenzangu, tufanye nini? Kabla ya kununua, uliza: limeoteshwa bustanini au limeng'olewa msituni? Kama limeng'olewa, liache. Likikosa mnunuzi, mng'oaji naye atachoka. Badala yake, omba chipukizi kwa jirani mwenye kangaga la pwani lenye majani marefu kama upanga. Hilo hutambaa na kuzaa vichipukizi lenyewe, na joto letu linaliweza.

La kwangu nilipewa na jirani. Sasa limejaa ndoo mbili, nami nimeshagawa.