Humphrey Bogart: nyota wa Hollywood aliyepata Oscar kwa hadithi ya ziwa la Kalemie

Mwigizaji wa Marekani Humphrey Bogart alicheza filamu zaidi ya 70, lakini tuzo ya Oscar aliipata mara moja tu, mwaka 1952. Filamu iliyompa tuzo hiyo, The African Queen, chanzo chake ni vita vya kwenye ziwa Tanganyika, mbele ya mji ambao leo ni Kalemie.

Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, mtoto wa daktari mpasuaji. Alifukuzwa shule, akaingia jeshi la majini mwaka 1918, kisha akaanza kuigiza jukwaani. Kwa miaka mingi Hollywood ilimpa nafasi za majambazi wanaouawa kabla filamu haijaisha. Mambo yalibadilika mwaka 1941 kwa The Maltese Falcon ya John Huston, na mwaka uliofuata Casablanca ikamfanya nyota wa dunia nzima.

Mwaka 1951, Huston alimleta Kongo pamoja na Katharine Hepburn. Walipiga picha kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu katika jimbo la Tshopo, kisha wakaenda Uganda. Hepburn, aliyekuwa akinywa maji tu, aliugua sana tumbo, na wengi wa kikosi waliugua pia. Bogart na Huston walibaki wazima. Bogart mwenyewe alitania kwamba aliokolewa na whisky.

Katika filamu hiyo, Bogart ni Charlie Allnut, nahodha mlevi wa mashua kuukuu. Yeye na dada wa mmisionari wanatengeneza torpido kwa mikono yao ili waizamishe meli ya Wajerumani ziwani.

Ukweli ulikuwa mgumu zaidi. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town. Reli iliwafikisha Fungurume. Kutoka hapo mashua zilikokotwa na matrekta, ng'ombe na mamia ya Waafrika kupitia milima ya Mitumba. Zilishuka mto Lualaba hadi Kabalo, halafu zikapanda treni mpaka mlango wa mto Lukuga, hapa Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916, Waingereza wakiwa pamoja na Wabelgiji, waliizamisha Hedwig von Wissmann.

Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, haikuzamishwa na torpido ya mtu yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, walipokuwa wakikimbia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, jina ambalo wasafiri wa ziwa hili wanalijua vizuri.

Bogart alifariki kwa kansa ya koo la chakula tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57. Mashua aliyoiongoza katika filamu imehifadhiwa Key Largo, Florida, na watalii wanalipa kuipanda. Wanaume waliokokota Mimi na Toutou milimani hawamo hata katika picha moja ya filamu hiyo. Bila mikono yao, mashua hizo zisingeliona ziwa, na Bogart asingekuwa na hadithi ya kuigiza.