Sarafu ya Shaba Ina Habari Zake

Wazee wengi wa Naivasha na Nakuru wangali wakiikumbuka senti kumi ya shaba yenye tundu katikati. Watu walizitunga kwa uzi kama shanga zisipotee. Upande mmoja palichorwa pembe za ndovu. Upande wa pili palikuwa na taji na jina la Mfalme wa Uingereza. Alama hizo hazikuwa urembo tu: zilimjulisha kila aliyeishika ni nani atawalaye.

Desturi hii ni ya kale. Mwaka 71, Kaizari Vespasian wa Rumi alitoa sarafu kubwa za shaba zenye uso wake. Nyuma yake alionekana mwanamke ameketi chini ya mtende akilia, maana yake Uyahudi imeshindwa. Hata mchuuzi asiyejua kusoma aliipata habari hiyo sokoni.

Masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu za shaba, lakini hawakutia sura ya mtu. Waliandika kwa Kiarabu jina la Sultani na maneno ya kumtegemea Mungu, vina vya upande mmoja vikipatana na vya upande wa pili. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14, ilionekana Zimbabwe Kuu, mbali sana na Kilwa, ikawa ushahidi wa biashara kati ya pwani na bara.

Kenya huru ilitoa sarafu zake mwaka 1966, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Katiba ya mwaka 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote, na mwaka 2018 zikatoka sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu.

Basi, ndugu msomaji, kama unalima Kihoto na jembe lako likafukua sarafu ya kale, usiisugue kwa mchanga wala usimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Ile ya Zimbabwe Kuu ilikuwa na faida kwa sababu mahali ilipookotwa palijulikana. Weka alama mahali pale, ukawaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 yataka wapewe habari katika siku 7. Sarafu isiyojulikana ilikotoka ni kama shahidi aliyekatwa ulimi.